Sasa mlima sitauzima

Wababa, wamama, vijana, na nyinyi wenye mumetoka Bukavu na boti ya usiku mukafika hapa na usingizi machoni, karibuni sana, na asante kwa kuacha mambo yenu siku ya posho juu ya kuja kusikia habari ya kitabu chenye hata hakijaisha. Niliombwa niongee juu ya kazi yenye iko kwa meza yangu sasa, ile hadithi ya fantasia yenye nilianzaka nikiwa bado sekondari, nikaiweka, na sasa nimeirudilia. Watu wananiuliza kila mahali, hata nikiwa juu ya pikipiki, hata kwa foleni ya maji na bidoni mkononi: imefika wapi? Leo nitawaambia imefika wapi, na zaidi nitawaambia kitu gani kiliifanya itembee tena, juu naona hiyo njo inaweza kusaidia mtu mwingine mwenye iko na hadithi imelala ndani ya kaye.

Tuanze na ile ya zamani. Kuko mtoto wa kike, anaitwa Sifa, anaishi kwa mji wenye uko chini ya mlima wa moto. Ndani ya mlima kuko mfalme wa moto, mwenye kiburi, kila kizazi anashuka anakula mji. Babu ya Sifa anamuachia ngoma. Sifa anapanda mlima, anapiga ile ngoma mpaka mfalme analala, moto unazimika, mlima unakuwa jiwe tu, watu wanacheza, kwisha. Naipenda mpaka leo, musifikiri nimekuja kuisema vibaya. Iliandikwa na mtoto mwenye alikuwa anatoka inje usiku anaona mbingu ya kaskazini iko nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto hapa Goma, na alitaka mtu mmoja tu, hata wa kwenye karatasi, aende kuuambia ule mlima basi, inatosha. Mtoto yeyote wa Goma anajua ile hamu.

Chenye kilibadilisha mambo ni kwamba nilianza kusoma juu ya ziwa. Nilikuwa natafuta kitu kidogo tu cha kuweka kwa sura moja, maji yakoje kule chini kabisa, na nikakuta jambo lenye wanajiolojia wanalijua tangu zamani lakini sisi wenye tunaoga ndani ya hayo maji hatuliongeleaki. Ziwa Kivu halikuwa hivi. Maelfu ya miaka nyuma maji ya hili bonde yalikuwa yanaenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Kisha volkano za Virunga zikasimama, lava ikamwagika juu ya lava, bonde likafungwa. Maji yakakosa njia, yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, pale kwenye leo kuko Bukavu, yakashuka na Ruzizi mpaka Tanganyika, na Tanganyika nayo inatoka na Lukuga kuingia kwa mto Kongo. Munaelewa? Maji yenye yangeenda Misri yanaenda Atlantiki, sababu ya moto. Na pale yanatokea ziwani njo walijenga barrage ya Ruzizi yenye inawasha taa za Bukavu, kwa hiyo nyinyi wa Bukavu mukiwasha taa museme asante kwa volkano zetu.

Nilipoelewa vile nilisimama nikatembea ndani ya nyumba. Juu kama ziwa limeshikwa na mlima, basi mwenye anazima mlima anafanya nini? Kwa fantasia, kitu chenye kiko kwa mawe kweli unaweza kukichukua ukakifanya sheria ya dunia yako, na watu wataamini juu kiko na uzito. Nikaandika sentensi moja: moto ukifa, mlango wa kaskazini unafunguka. Yaani kwa dunia ya Sifa, ukuta wenye unashika maji unasimama juu moto uko hai ndani yake. Ukimlaza mfalme wa moto, ukuta unalegea, ziwa linakumbuka njia yake ya zamani na linaondoka. Samaki wanaondoka nalo, mitumbwi inabaki kwa matope, na watu wa kusini wenye walijenga maisha yao yote kando ya mto wanabaki wanaangalia mawe makavu. Ile ngoma ya Sifa ingeua watu wengi kuliko lava. Siku ile njo hadithi ilianza kuhema tena, na tangu siku ile sijaiacha.

Halafu nikakumbuka kwamba wazee wetu walishaimba hii kitu. Hapa pembeni, Walikale, Wanyanga wako na hadithi ya Mwindo, yenye Candi Rureke aliimba mwaka wa 1956 kwa siku 12, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa kwa kitabu mwaka wa 1969. Wengi munajua mwanzo wake: mtoto mwenye anazaliwa tayari anatembea na anaongea, baba yake Shemwindo anataka afe, anamfungia ndani ya ngoma anamtupa mtoni, mtoto anapona, anashuka mpaka chini ya ardhi, anashinda. Hapo njo watu wanaishia. Lakini kule mwisho kuko joka, Kirimu, linameza watu, Mwindo analiua, watu wanalikula, na kumbe lile joka lilikuwa limefanya udugu wa damu na Nkuba, mwenye radi. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo juu mbinguni, na kule Mwindo anapitishwa kwa mvua, kwa mvua ya mawe, kwa mwezi, kwa jua, anateseka sana, na anakatazwa kuua tena mnyama wa pori. Mnaona? Shujaa mwenye ameua joka, badala ya kupewa sherehe, anapelekwa kufundishwa adabu! Mimi nilikuwa naijua hii hadithi tangu utoto na sikuwahi kukaa na hapo mwisho. Watu wananiambiaka fantasia ni kitu ya Wazungu, eti majoka na mapanga, mimi nawajibu joka liko Walikale, na liko na undugu na radi, na ukiligusa unaitwa kujieleza.

Sasa Sifa mpya.

Munajua tarehe 17 Januari 2002. Mlima wa Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikapita Munigi, ikakata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Watu walikimbia, wengi wakavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, na baada ya siku chache tu wakaanza kurudi, mawe bado yanatoa moshi, na wakajenga juu yake. Kuko wenye wamekaa hapa leo wenye kitanda chao kiko juu ya paa ya nyumba yao ya kwanza. Na ukiongea na hizo familia, swali lenye linarudi ni hili: parseli yetu, kiwanja chetu, ilianzia wapi? Mti wa avoka haupo. Ukuta haupo. Barabara yenyewe haipo. Jirani anasema mpaka ulikuwa hapa, wewe unasema ulikuwa pale, na chini yenu wote wawili kuko jiwe jeusi tupu lenye halina jina la mtu.

Nilikaa na hilo swali muda mrefu, na humo njo Sifa alipata kazi yake. Kwa mji wake kuko watu wanaitwa wakumbushi. Moto ukishapita na mawe yakapoa kidogo, wanatembea miguu wazi juu yake na wanasikia kwa nyayo chenye kiko chini: hapa jiko, hapa mlango, hapa kaburi ya mtoto. Sifa ni mwanafunzi wa mkumbushi mmoja mzee, mama mkali, mwenye hasemi mara mbili. Ngoma imetoka. Panga sikulitaka tangu mwanzo. Iko na miguu yake tu.

Na hapa wenye munasoma fantasia munajua, uchawi wenye hauna bei haunogi. Bei yake ilinichukua muda kuliko kitu kingine chochote. Nilijaribu Sifa aumie kila mara anasikia, aungue nyayo, awe mgonjwa, na nikaona inafanya kitu sipendi: mtu mmoja anateseka peke yake anakuwa mtakatifu, na wengine wote wanapumzika. Sisi hapa hatuhitaji hadithi ingine ya mtu mmoja kufa juu ya wote. Kwa hiyo bei niliiweka kwa wote. Jiwe haliongei kama amesimama mtu mmoja. Lazima jirani wawili wasimame pamoja, wote miguu wazi, hata kama wanachukiana, hata kama hawajasalimiana tangu mazishi, hata kama mmoja alishajenga kwa upande wa mwenzake. Mmoja akikataa kuja, mpaka umepotea kwa wote wawili, milele. Nilipoweka ile sheria, hadithi zilianza kujileta zenyewe, siendi tena kuzitafuta! Mjane mwenye jirani yake amekufa, nani atasimama? Ndugu wawili wa tumbo moja wenye hawataki. Mtu mwenye anajua kabisa parseli si yake na anaogopa jiwe litasema.

Adui naye akapatikana. Kuko tajiri mmoja kwa ule mji mwenye ananunua kukataa kwa watu. Anakupa pesa usiende kusimama. Hapigi mtu, hachomi nyumba, anakuja na heshima zote, anakaa kwa kiti chako, anakunywa chai yako, anakupa bahasha. Mwaka unapita, mji wote uko juu ya mawe yenye hayana mpaka, na ardhi yenye haina mpaka ni yake. Na yeye njo anataka moto uzimwe, juu parseli chini ya mlima wenye umekufa bei yake inapanda. Mfalme wa moto mwenyewe amebaki kama jirani mgumu, mwenye hauwezi kumhamisha na bila yeye ukuta wako unaanguka.

Kuko sehemu ingine naipenda sana, nitaisema haraka. Munajua mazuku, ile gesi yenye inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inalala kwa mashimo usiku na asubuhi wakati upepo haupo, na inaua mbuzi, inaua mbwa, inaua mtoto mwenye anacheza chini wakati mtu mzima mwenye amesimama hajasikia kitu. Na ndani ya ziwa vilevile, kule chini kuko kaboni dayoksaidi na methane nyingi sana zimefungwa kwa maji mazito yenye hayachanganyikani na ya juu. Methane Rwanda wanaitoa upande wa Kibuye wanafanya nayo umeme. Ile ingine ikitoka kwa ghafla ni balaa, kule Kamerun mwaka wa 1986 Ziwa Nyos ilitoa gesi usiku mmoja na watu karibu 1,700 wakafa. Kwa kitabu sikuongeza kitu kikubwa hapo. Niliuliza tu watu wenye wanaishi na pumzi yenye inatambaa chini wangejenga namna gani, na vitanda vikapanda juu, mbuzi wakafungwa kwa vilima, watoto wakafundishwa kutembea na kuku mkononi, wanamshusha mbele yao kabla ya kuweka mguu kwa shimo. Msomaji wa Kinshasa atasema umebuni vizuri. Msomaji wa Goma atajua kitu gani nimeongea.

Sasa nifike kwa jambo zito. Kuko kaka mmoja aliniambia, na hasira kidogo na nilimuelewa: dada, na hii vita yote, na watu wenye wamelala kwa mahema, wewe unaandika mawe yenye yanaongea? Nilimjibu vile naamini. Mtu mwenye amekimbia anajua swali la Sifa kuliko mtu yeyote duniani: nikirudi, nitajua mlango wangu ulikuwa wapi, na nani atasimama na mimi kusema ndiyo, ulikuwa hapa? Hilo swali ukiliandika kwa gazeti linakuwa la upande huu ao upande ule, na watu wanaacha kusoma kwa mstari wa pili juu wameshatafuta jina lako na kabila lako. Ukiliweka kwa mji wenye hauko kwa karta, jirani wawili wenye hawasemeshani wanaweza kulisoma wote mpaka mwisho. Njo maana naandika fantasia, na sitaomba ruhusa juu yake. Na wale watoto wa kwenye mahema nao wako na haki ya kupata hadithi yenye ni kubwa kuliko foleni ya unga.

Lugha, kwa haraka: wahusika wanaongea vile tunaongea hapa, na mwenye kusimulia anaongea kiswahili chenye mtu wa Kigoma ao wa Mombasa anaweza kusoma bila kusimama. Nimeona inakaa vizuri, na wenye wamesoma sura za kwanza hawajalalamika.

Niwasomee kidogo, ni siku ya kwanza ya Sifa kwa kazi:

Mkumbushi alivua viatu, akaviacha kando ya mahali palipokuwa barabara. Sifa naye akavua vyake. Jiwe lilikuwa bado vuguvugu, na mikunjo yake ilimchoma chini ya vidole.

«Unasikia nini?»

«Moto tu, mama.»

«Moto umeshapita. Sikia chini yake.»

Sifa akafunga macho. Muda ukapita, jua likapanda mgongoni mwake. Kisha kisigino cha kuume kikapata baridi, ile baridi ya sakafu ya saruji asubuhi kabla jiko halijawashwa, na pamoja na baridi ikaja harufu ya sombe iliyolala.

«Jiko,» akasema. «Kuko jiko. Na kuko sufuria, halikutolewa.»

Nyuma yao mwenye nyumba akaanza kulia, pole pole, mkono mdomoni. Mkumbushi hakumgeukia.

«Jirani yako wapi?»

«Hawezi kuja, mama. Tulikosana juu ya maji ya mvua. Kabla ya moto.»

«Basi leo hatuna kazi hapa,» Mkumbushi akasema, akainama kuchukua viatu vyake.

Asante, asanteni. Ile ugomvi ya maji ya mvua itakaa kitabu chote, nawaambia mapema, na mwisho wake naujua.

Imefika wapi basi? Nimepita nusu. Sehemu ya mji imesimama, tajiri amesimama, mama mkali nimemuandika kwa furaha mpaka nimeanza kuogopa kumpoteza. Chenye kimebaki ni mlima. Sifa atapanda, hilo halibadiliki, msomaji wa hadithi yenye mlima wa moto anadai mtu apande na iko na haki. Lakini hapandi kuzima. Anapanda kusimama. Sheria ya jirani wawili inamshika hata yeye: kama watu wa mji ni upande mmoja wa mpaka, moto ni upande wa pili, na hakuna mtu amewahi kwenda kusimama miguu wazi na moto kuuliza mpaka wetu na wewe uko wapi. Tarehe 22 Mei 2021 tuliona tena vile lava ilifika karibu na uwanja wa ndege na ikasimama, na mtaa wa Buhene ukaliwa na lava, na siku chache nyuma yake nusu ya mji tukaambiwa tutoke, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine boti ya Bukavu. Wenye mulikuwa barabarani siku ile munajua kila mtu alikuwa anauliza kitu kimoja: itafika wapi? Sifa anapanda kuuliza hiyo. Mlima utajibu nini, nafanyia kazi kila asubuhi, na sitaki ujibu kwa maneno, nataka ujibu kwa miguu yake, vile mawe yanajibu. Ile sura nimeiandika mara nyingi na itaandikwa tena, juu pale njo kitabu kitakaa ao kitaanguka, na sitaitoa mpaka mtu mwenye amepoteza nyumba aisome akubali.

Kwa hiyo niko na ombi, na njo sababu nilikubali kuja. Natafuta wazee wenye wanakumbuka Goma kabla ya Januari 1977, kabla ile lava ya kwanza ishuke kwa muda mfupi vile: soko lilikuwa wapi, njia za miguu zilipita wapi, nani alikuwa anajua mipaka bila karatasi. Natafuta wavuvi wa sambaza, wale wa mitumbwi mitatu yenye imefungwa pamoja na miti mirefu, wenye wanaimba usiku wakipiga kasia, juu kwa kitabu wako na sura yao na sitaki kubuni vile mwimbaji anaanza na wengine wanaitika. Na kama kuko mtu hapa aliyefanya kazi ya kupima parseli baada ya 2002, yeyote, hata wa kushika kamba tu, huyo nitamnunulia chai mimi mwenyewe leo. Nitakaa kwa ile meza ya mlangoni mpaka saa kumi, niko na kaye na biki, na sura tatu za kwanza zimechapwa pale kwa mwenye anataka kwenda nazo nyumbani asome na aniletee makosa.